Bango la filamu: taa moja tu, au nyuso zote saba?

Binti_Kirumba aliuliza:

Shikamooni wakubwa, na wengine mambo vipi.

Naomba mnisaidie kwenye ubishi ambao umeninyima usingizi siku nne sasa. Tumemaliza kupiga filamu fupi hapa Mwanza, dakika 38, inaitwa Karabai. Ni habari ya mama muuza dagaa pale mwaloni Kirumba. Mume wake anaingia ziwani usiku wa giza kama siku zote, asubuhi mtumbwi unarudi umeburutwa na wenzake, yeye hayumo. Zaidi ya hapo sisemi, mtaiona wenyewe.

Kazi ya bango nimepewa mimi. Sijasomea. Nimejifunzia kwenye duka la shangazi la kutoa kopi, nikaanza na kadi za harusi, kisha vipeperushi vya mikutano ya injili, kisha picha za marehemu za kuwekwa mbele ya jeneza. Hizo za marehemu ndizo zilinifundisha kazi kweli, maana familia haikusamehi ukikosea uso.

Sasa bango nililotengeneza karibu lote ni jeusi. Chini kidogo ya katikati kuna karabai moja inawaka, mwanga wake umelala juu ya maji. Jina la filamu liko chini kwa herufi ndogo. Basi. Aliyekaa Mwanza ataijua picha hiyo mara moja: usiku usio na mwezi ukisimama sehemu ya juu ukatazama ziwani, unaona taa nyingi mpaka unadhani kuna mji mwingine kule majini. Mimi nimezima zote nikaacha moja.

Mtayarishaji wetu alipoiona alinyamaza kidogo, kisha akauliza, "Umeme umekatika?"

Anataka nyuso saba. Mama analia kushoto, mume anatabasamu juu mawinguni, mganga kulia, polisi wawili, mwenye mtumbwi mwenye roho mbaya, na mtoto. Katikati anataka mtumbwi unaoungua moto. Jamani, kwenye filamu yetu hakuna mtumbwi unaoungua! Nikamwambia hivyo. Akasema, "Kwani kwenye bango kuna ubaya gani?"

Ijumaa lazima faili liende kwa mchapaji. Ni mabango 60 ya A2, na hela iliyopo ni ya kuchapa mara moja tu. Nauliza kwa nia njema kabisa: picha moja inaweza kweli kumfanya mtu asiyetujua aisubiri filamu? Au mimi napenda tu weusi?

---

Mzee_wa_Kibanda (Mbagala):

Dada, mimi nitakuwa upande wa bosi wako, usikasirike.

Niliendesha kibanda umiza Charambe miaka tisa. Mabati, mabenchi ya mbao, televisheni ya inchi 21 na spika mbili kubwa kuliko televisheni. Tangazo langu lilikuwa ubao mweusi na chaki. Nakwambia jambo moja: mpita njia wa Mbagala anatembea. Ana mfuko wa nyanya mkononi. Hasimami kufumbua fumbo lako. Akisimama ana maswali mawili, la kwanza "steringi nani?" na la pili "imetafsiriwa?" Ukimjibu anatoa hela. Usipomjibu anakwenda kibanda cha jirani.

Siku moja niliishiwa chaki, nikabandika kava la diski peke yake, bila maneno. Kava lilikuwa na mlango uliofungwa, basi, mlango tu. Wateja walioingia walikuwa wanne, na mmoja alikuwa mdogo wangu ambaye halipi. Siku ya pili nikaandika kwa chaki ya kukopa: JAMAA WAMEUA FAMILIA YAKE, SASA ANARUDI. Benchi zikajaa. Filamu ni ile ile.

Nyuso zina kazi yake. Watu wananunua mtu. Kava zetu za Bongo zilikuwa na vichwa vinane, gari jeusi na ghorofa kwa nyuma, na zilikuwa zikiuzika Kariakoo kama maandazi. Mnazicheka leo lakini zililisha watu.

Ila huo mtumbwi wa moto aache. Mimi niliwahi kuahidi helikopta kwenye ubao, ndani haikuwepo. Walinirudishia viti vyangu vikiwa vipande vipande.

---

Rangi_ya_Eastlands (Nairobi):

Niaje Binti. Mzee wa Kibanda ana pointi, lakini ubao wa chaki ni kitu kingine. Ubao uko mlangoni, filamu inaanza baada ya dakika kumi. Hapo unauza tiketi. Bango la kusubiriwa linafanya kazi nyingine: linaingia kichwani leo na linakaa huko wiki tatu likikukereketa.

Mimi nafanya grafiki, kuanzia matatu hadi mabango ya michezo ya kuigiza, na ukutani kwangu nimebandika mabango matatu ninayoyatazama kila nikikwama.

La kwanza ni Jaws ya 1975. Msichana anaogelea juu, papa anapanda kutoka chini, mdomo wazi, meno kama misumari. Wengi hawajui kwamba picha hiyo haikuchorwa kwa ajili ya filamu. Roger Kastel aliichora iwe jalada la riwaya ya Peter Benchley, lile toleo la bei nafuu la kampuni ya Bantam, halafu wenye filamu wakaichukua. Kastel alikwenda kwenye makumbusho ya viumbe kule New York akapiga picha papa waliohifadhiwa, na msichana alijilaza juu ya stuli studioni akijifanya anaogelea. Mchoro wenyewe wa mkono baadaye ulipotea. Sasa sikiliza utamu wake. Papa wa mashine waliotengenezwa kwa ajili ya filamu walikuwa wanaharibika kila mara kwenye maji ya chumvi, ikabidi mwongozaji, Spielberg, amfiche. Unakaa zaidi ya saa nzima kabla ya kumwona yule mnyama vizuri. Lakini wewe ulishamwona mlangoni! Kwa hiyo kila maji yakitikisika unajua ni nani. Bango limeshakukopesha hofu, filamu inaidai polepole.

La pili ni Alien ya 1979. Giza, yai moja limepasuka, mwanga wa kijani unavuja kwenye ufa. Chini kuna sentensi moja inayosema kwamba huko angani hakuna atakayekusikia ukipiga mayowe. Bango ni la Philip Gips, na sentensi ni ya mke wake, Barbara Gips. Mtayarishaji wako atalipenda hili: yai la bangoni halifanani na mayai ya ndani ya filamu. Hili ni kama la kuku. Yale ya ndani yana ngozi na yanafunguka juu kama ua. Kwa hiyo nao walisema uongo kidogo, lakini uongo wao ulikuwa mmoja, tena mdogo.

La tatu ni Batman ya 1989, na hili ni la kukuonya. Nembo ya popo imejaa karatasi yote na chini kuna tarehe, Juni 23. Hata jina la filamu hakuna. Watu walikuwa wanavunja vioo vya vituo vya basi Marekani ili wayaibe. Lakini popo huyo alikuwa ameshajulikana miaka 50 tangu 1939. Na hata hivyo kuna waliotazama wakaona mdomo uliofunguka na meno ndani, wasione popo kabisa. Jaribu kulitazama hivyo uone, hutaweza tena kuacha. Picha tupu isiyo na neno ni ya mtu ambaye tayari ana jina. Wewe huna jina bado, dada yangu. Usinichukie.

Kitu kimoja cha kumwambia bosi: mabango 60 ya karatasi wataona wangapi? Wengi wataliona kwenye simu, kwenye status ya WhatsApp, kapicha kadogo kama kiberiti. Vichwa saba kwenye kiberiti ni punje za maharage. Taa moja kwenye giza itaonekana hata simu ikiwa imepasuka kioo.

---

Baharia_Kigamboni:

Napita tu. Miaka ya tisini meli yetu ilikuwa inashusha mzigo Tema, Ghana. Kule walikuwa na watu wa video wanaozunguka vijijini na jenereta, televisheni na deki. Bango lao ni la kuchorwa kwa rangi ya mafuta juu ya magunia ya unga, mawili yamefumuliwa yakashonwa pamoja. Ukimaliza unakunja, unatia kwenye gari, unahamia kijiji kingine.

Wachoraji wengi filamu yenyewe hawajaiona. Wanapewa kava, au wanasimuliwa tu. Sasa mtu akishasimuliwa anachora alichosikia! Nyoka ana mikono, mtu ana misuli mpaka shingoni, damu debe zima, kichwa kimoja kiko ndani ya kichwa kingine. Nilisimama juani nikasahau hata nauli. Siku hizi wazungu wananunua magunia yale na kuyatundika kwenye majumba ya sanaa.

Kwa hiyo mimi nasema kujaza si dhambi. Dhambi ni kujaza vitu vilivyopoa. Vichwa saba vinavyotabasamu vimepoa.

---

Binti_Kirumba:

Asanteni sana. Kaka wa Nairobi, hiyo ya kiberiti nimemwonyesha mtayarishaji leo hii. Nikapunguza bango lake kwenye simu mpaka likawa dogo, nikampa. Akasogeza simu, akaivuta, akavua miwani. Hakusema kitu ila aliacha kutaja polisi. Sasa tumebaki na nyuso tano.

Baharia, natamani kuuona huo mkono wa nyoka.

---

Fundi_Rangi_Tanga:

Marahaba binti yangu. Anayebonyeza hapa ni mjukuu wangu, mimi nasema. Nina miaka 71 na macho yameanza kunisaliti, lakini mdomo bado.

Mimi nilikuwa nachora mabao ya sinema hapa Tanga mjini. Niliingia kama kijana wa kuosha brashi mwaka 1974, nikatoka 1988, mambo ya video yalipokuwa yamekwisha kutuvunja mgongo. Bao letu lilikuwa plaiwudi futi nane kwa nne. Filamu ikija inakuja na karatasi yake ya tangazo, imechanika kwenye mikunjo kwa sababu imeshapita miji mingine kabla yetu. Unapiga miraba kwa penseli juu ya karatasi, unapiga miraba mikubwa juu ya bao, unahamisha mraba kwa mraba. Filamu ikiondoka unapaka nyeupe juu yake unaanza nyingine. Ukikwangua bao moja la zamani unamkuta Mhindi anaimba, chini yake Mchina ameruka, chini kabisa kauboi. Plaiwudi zile zilikuwa nzito kwa rangi tu.

Hilo bao likikauka linafungwa juu ya rukwama, mabao mawili yamesimamishwa kama paa la nyumba, kijana anasukuma na mwingine anapiga kengele. Wanazunguka Ngamiani barabara kwa barabara, kisha wanashuka Deep Sea kwa wavuvi.

Sasa hiyo filamu ya papa anayoisema kijana wa Nairobi, ilifika kwetu. Na karatasi yake ilifika. Mwenye sinema akaitazama, akasema, "Huyu mwanamke muondoe. Hana nguo, na bao langu linapita mbele ya watu wanaokwenda Ijumaa." Fundi wangu hakuwepo siku ile, alikuwa Pangani msibani. Nikaona hii ndiyo nafasi yangu. Nikamwondoa mwanamke. Nikaweka maji juu, papa chini, nikampaka meno mengi kuliko aliyopewa na Mungu. Nilijipenda siku ile.

Rukwama ikatoka. Ikarudi kabla ya alasiri na yule kijana wa kengele anacheka mpaka ameshika mbavu. Binti yangu, Tanga papa ni kitoweo. Papa mkavu yuko kila duka, anapikwa kwa nazi. Kule Deep Sea wavuvi walizunguka bao langu wakaanza kuuliza, "Huyu kilo ngapi?" Mwingine anauliza kwa nini hajatiwa chumvi. Mama mmoja akataka kujua kama sinema siku hizi inauza samaki. Mimi nilichora jinamizi, wao wakaona mboga.

Fundi wangu akarudi jioni. Mtu wa maneno machache, Mungu amrehemu. Akasimama mbele ya bao akavuta sigara nzima. Kisha akachukua brashi, juu kabisa ya bao akaweka tumbo la ngalawa, kivuli tu. Pembeni ya ngalawa akaning'iniza miguu miwili ndani ya maji. Miguu ya mtoto, vidole vimelegea, kama mtoto aliyekaa ukingoni anachezea maji. Mtoto mwenyewe haonekani, amekatwa na ukingo wa bao. Papa hakumgusa. Alimpunguzia meno, basi.

Kati ya miguu na papa pakabaki maji matupu, kama futi tatu hivi. Mimi nikaona pamepwaya, nikachukua brashi nitie samaki wadogo na mwani. Akanipiga mkono. Akasema, "Hapo usiguse. Hapo ndipo pa watu."

Sikuelewa. Kesho yake nikaomba nisukume rukwama mwenyewe. Barabara ya nane pale, wale wale waliocheka jana walikuja na vicheko vyao tayari mdomoni. Vikaishia hapo hapo. Mtu anatazama papa, anatazama miguu, anarudi kwa papa. Kulikuwa na mama ambaye mwanawe alikuwa ameketi ukingoni mwa rukwama yangu, miguu inaning'inia. Akamvuta mtoto mkono bila kusema neno. Hakuna aliyeuliza kilo.

Watu walijaa usiku ule, lakini kulikuwa na sikukuu pia, kwa hiyo siwezi kukuapia kwamba ni bao.

Nimefikiri jambo hili miaka mingi, maana sina kazi nyingine siku hizi. Papa alikuwa yule yule. Miguu peke yake haitishi mtu, ni miguu ya mtoto. Mwenye miguu hajui kitu, mimi na wewe tunajua, na hatuwezi kumwambia. Ndiyo maana unalipa uingie ndani.

Sasa nakuja kwako. Mjukuu amenisomea ulivyoieleza taa yako, nikaiona. Ni nzuri. Lakini naogopa ni yule papa wangu wa kwanza. Nyinyi watu wa ziwa mmezaliwa mnaona karabai, kwenu ni dagaa, kama papa kwetu. Mtu wa mwaloni akiiona atasema, haya, karabai. Mgeni atasema, taa nzuri. Miguu iko wapi? Mimi wa bahari siwezi kukupangia mambo ya ziwani. Lakini filamu yako ni ya mtu aliyetakiwa awepo na hayupo. Kwenye picha yako hakuna mahali palipoachwa wazi kwa ajili yake. Ni giza tu, na giza si mahali pa mtu.

Nyuso usiweke. Uso ukilia umeshaniambia nilie.

---

Mzee_wa_Kibanda (Mbagala):

Mzee shikamoo. Nimesoma mara mbili. "Uso ukilia umeshaniambia nilie"... ile miaka tisa yote ningekuwa nakujua wewe, nisingenunua chaki.

Lakini dada, bado nakusisitiza: jina la mtu mmoja anayejulikana weka chini. Moja tu. Mama wa filamu yenu ni nani? Kama watu wa Mwanza wanamjua, jina lake litamjibu yule mwenye mfuko wa nyanya.

---

Rangi_ya_Eastlands (Nairobi):

Mzee wa Tanga, heshima. Nimekuwa nikilitazama bango la papa ukutani miaka yote nikidhani ni habari ya meno. Sasa nimesimama nalipima kwa rula ile nafasi ya katikati. Mke wangu ananiuliza kama niko sawa.

---

Binti_Kirumba:

Shikamoo mzee. Samahani nimekawia kujibu, nilikuwa na bango.

Niliposoma ujumbe wako niliumia kwanza, nisikufiche. Nikafunga simu. Kisha usiku nikaenda kusimama kibarazani nikitazama ziwa, nikajiuliza ni kitu gani mimi mwenyewe kingenishtua kule. Taa haishtui. Mtumbwi haushtui. Nikakumbuka babu yangu mzaa mama alivyokuwa akituhesabia watu asubuhi wakirudi, anahesabu vichwa, hahesabu mitumbwi.

Nikaihamisha taa. Sasa iko juu ya mtumbwi, kwenye ubao wa mbele, na mtumbwi unaonekana nusu tu kwa mwanga wake wenyewe. Ubao wa kukalia uko wazi. Kasia moja limelala ndani. Mwanzoni nilikuwa nimeweka na kandambili mbili pale miguuni, nikaona nimeanza kueleza, nikazitoa. Nikabaki nazitamani kama saa moja hivi. Pembeni maji yametulia kabisa, hakuna wimbi. Jina la filamu chini, na chini yake jina la mama wetu, maana watu wa hapa wanamjua kwenye maigizo ya redio. Mzee wa Kibanda, hilo ni lako.

Mtayarishaji alilitazama muda mrefu. Akasema tu, "Sasa mbona hamna mtu?" Nikamwambia ndiyo. Akasema tujaribu kwa watu kwanza, wakicheka turudi kwenye nyuso zake tano.

Basi jana asubuhi nimechapa moja kwenye karatasi ya A3 pale kwa shangazi, tumekwenda wote mwaloni, nikaibandika kwa gundi kwenye nguzo karibu na wanapoanika dagaa. Sikusema ni nini. Kijana mmoja wa kubeba magunia akapita, hakutazama. Wa pili akatazama jina la mama akasema, "Ahaa, yule wa redioni," akaenda zake. Mtayarishaji akanigeukia na uso wa kushinda.

Kisha akaja mama mmoja na ungo wake, mtu mzima, nadhani sitini na kitu. Akasimama. Akaweka ungo chini. Ninyi wa pwani na wa Nairobi labda hamjui karabai inavyofanya kazi: ni taa ya pampu. Usipoipampu mara kwa mara presha inashuka, mwanga unafifia, mwisho inazimika. Kuna wengi sasa wanatumia taa za sola, lakini wazee wote wanajua. Mimi nilipoichora sikulifikiria hilo hata kidogo, nilichora mwanga mkali kwa sababu unapendeza.

Yule mama akaweka kidole kwenye karatasi, pale penye taa, akaniuliza mimi kana kwamba nilikuwepo:

"Mbona hii imepampiwa sasa hivi? Mwenyewe yuko wapi?"

Faili limekwenda kwa mchapaji leo saa nne.